Yaliyompata Inspekta Siku ya Wakwe

Nyuma ya Soko la Maziwa,
Ranaghat, Nadia.
19 Juni 1986

Mpendwa wifi yangu Ketaki,

Pokea salamu za nyumba nzima, nami nakuandikia nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imo ndani ya beseni la maji. Joto la mwaka huu limetukomesha. Mgongo wa Anupam unaendeleaje? Au bado anatembea kama mtu aliyebebeshwa kabati? Na Rinku je, amekubali kula wali, au bado ni mikate asubuhi na mikate jioni? Mwambie mke wa mjomba wake wa ng'ambo ya bahari anamwombea apate hamu ya dengu. Umeandika kwamba theluji ya huko Toronto imeyeyuka. Huku tulikuwa tunayeyuka sisi, mpaka jana mvua ya kwanza ilipotuonea huruma.

Sisi hatujambo. Goti langu hupanda ngazi likilalamika, lakini linapanda. Kaka yako Sukhen, tangu astaafu kazi ya reli, yuko nyumbani kutwa kucha. Anupam atakapostaafu mtafutie shughuli mapema, nakusihi. Mwanamume aliyezoea kupigia treni filimbi akikosa treni humpigia filimbi mkewe.

Achari ya maembe uliyoagiza nimeianika darini, na tayari nyani wameionja mara moja. Itakayobaki nitaituma.

Umeniuliza habari za Shangazi Khantamani, na kama bado analisha samaki bwawani. Wifi yangu, kaa vizuri. Chukua chai. Mwezi huu bwawa lenu la utotoni nusura litunyang'anye Shangazi, mkwe, na heshima yetu yote mjini.

Inspekta humjui. Ulipoolewa ukaenda mbali, alikuwa samaki wa aina ya katla, mdogo wa kutosha kiganjani. Sasa amekuwa na kichwa kikubwa kama chungu cha harusi, na ule mdomo wa katla uliopinda juu, kama mtu anayejiandaa kulalamika. Shangazi ndiye aliyempa jina hilo. Anasema huja wakati wa chakula tu, hula bila kulipa, kisha huondoka bila kushukuru.

Kila asubuhi, baada ya kuoga na kusali, Shangazi hushuka ngazi za bwawa akiwa na bakuli lake la shaba. Ndani yake mna pumba za mpunga na mashudu ya haradali aliyoyaloweka usiku, ameyafinyanga vidonge. Hupiga maji kwa kiganja, nao wale samaki wadogo wa aina ya rui hujaa miguuni pake. Inspekta huja wa mwisho, polepole, wenzake wakimpisha. Shangazi huvuta tasbihi huku akiwatupia. Akimaliza mzunguko mmoja na chakula nacho kimeisha, sawa. Kikibaki kinaelea, kesho yake wanapunguziwa, na kila mmoja anatukanwa kwa jina. Hakuna ruhusa ya kufulia nguo za sabuni pale. Magugu ya maji anayang'oa mwenyewe kwa fimbo yenye ndoano. Ndege mdiria akitua tu juu ya mgomba, Shangazi humkemea mpaka majirani wanatoka nje wakidhani ni wao wanaoitwa.

Nawe unajua kwamba tangu awe mjane, kabla wewe hujazaliwa, hajatia samaki kinywani. Sari nyeupe, wali wa mlo mmoja, mboga bila vitunguu. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa ukimwona pale ngazini na kusema: huyu mama amefikia daraja ya huruma kwa viumbe vyote. Wengine walianza kumgusa miguu wakipita. Yeye aliwanyooshea tu hiyo miguu.

Matatizo yalianzia kwenye harusi ya binti yetu Bulbuli. Kaka yako alishiba, akafurahi, akamshika bega mkwe wetu mpya Subimal mbele ya ukoo wake wote wa Kalkata, akasema kwa sauti ile ya stesheni: "Mkwe wangu, siku ya wakwe ikifika, uje ulishwe na mama mkwe wako, wala usile kitu kwenye treni! Utakula kichwa cha katla wa bwawa letu. Kichwa hicho hakuna sufuria hapa Ranaghat inayokitosha!"

Watu walipiga makofi. Shangazi, ambaye siku hizi husikia anachotaka, alisikia.

Hakusema kitu miezi yote hiyo. Ila mwezi uliopita, kaka yako alipotamka mezani kwamba amemwita Nitai mvuvi aje na wavu wake asubuhi ya siku ya wakwe, Shangazi aliweka kijiko chini.

"Sukhen. Nani avuliwe?"

"Shangazi, ni samaki tu."

"Na wewe ni nani? Mbona wewe huvuliwi?"

"Mimi ni mtoto wa kaka yako!"

"Naye nimemlea tangu akiwa mdogo kama wewe. Tena yeye hajawahi kunijibu."

"Nimeshawaahidi watu. Niseme nini sasa? Mkwe anakuja kwa mara ya kwanza, nimpe mchicha?"

"Mpe kichwa chako. Hakina kazi nyingine."

Nilijifanya natafuta chumvi ili nisicheke. Lakini kaka yako unamjua. Alipokuwa mkuu wa stesheni, treni ikichelewa alikuwa anaona imemtukana yeye binafsi. Alishikilia kwamba ahadi ni ahadi. Basi Shangazi akainuka, akasema neno lake lile la kutuhama akafie mji mtakatifu: "Nakwenda Kashi."

Wewe na mimi tumelisikia neno hilo tangu nilipoolewa humu. Chai ikiwa na sukari nyingi, Kashi. Redio ikipiga kelele, Kashi. Siku ile wewe ulipokata nywele, alikwenda Kashi mara mbili kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo hatukushtuka. Kesho yake nikamkuta chumbani ameshusha lile sanduku la bati kutoka juu ya kabati, anakunja sari zake moja moja, na chini ya mto kuna tiketi ya treni ya usiku wa siku ya wakwe. Alikuwa amemtuma mwendesha riksho akainunue.

Ketaki, hapo moyo wangu ulishuka. Nilikuja nyumba hii msichana wa miaka kumi na tisa nisiyejua kuchemsha dengu. Mama yenu alikuwa ameshafariki, na aliyenipokea mlangoni ni Shangazi. Alinifundisha kila kitu huku akinisema vibaya. Nilijaribu kuifikiria ile ngazi ya bwawa asubuhi bila kelele zake nikashindwa. Nikamwambia kaka yako jioni: "Anaondoka kweli safari hii." Akajibu kutoka nyuma ya gazeti: "Haondoki. Nani atampaka mafuta ya miguu huko?" Lakini gazeti lilikuwa juu chini.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Badala yake akaongeza makosa. Alisikia redioni kipindi cha ukulima, mtaalamu mmoja anaeleza namna ya kumnenepesha samaki haraka. Kaka yako akasogea karibu, akasikiliza kwa makini jinsi ya kumwaga mashudu na samadi. Kisha umeme ukakatika. Ile sehemu ya kusema ni wakati gani uache, redio iliisema gizani bila sisi.

Sasa kila mchana Shangazi akijinyoosha baada ya mlo, mume wangu alikuwa akishuka bwawani kwa ncha za vidole, kikapu begani, kama mwizi anayerudisha mali. Maji yakawa mazito, ya kijani, kama supu ya njegere. Shangazi akanusa hewa.

"Haya maji yananuka nini?"

"Joto, Shangazi," akasema kaka yako.

Ikafika siku yenyewe, siku ya wakwe. Asubuhi haikuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mawingu yalikuwa yametufunika kama kifuniko cha sufuria. Mimi niko jikoni nasaga haradali, nikasikia mayowe. Nilikimbia na goti langu, na jiwe la kusagia bado nimelishika.

Wifi, samaki wote walikuwa juu. Bwawa zima midomo mitupu, wanavuta hewa. Rui kadhaa walikuwa tayari wamegeuza matumbo. Na Shangazi Khantamani, mtu ambaye hakubali hata tone la maji ya mfereji limguse baada ya sala, alikuwa amesimama bwawani mpaka kiunoni, amekipakata kichwa cha Inspekta. Inspekta alikuwa amelala ubavu.

"Sukhen!" akaita. "Umewalisha nini?"

Kaka yako akasimama ngazini na mswaki mdomoni.

"Mashudu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kikapu."

"Lini?"

Akatoa mswaki. "Kila siku."

Nilitarajia matusi. Shangazi hakutukana, na hilo ndilo lililomtisha kaka yako. Alisema tu, "Maji yameoza, hayana hewa. Ingia uyapige."

Akaingia vilevile na msuli wake. Mimi nikaingia na kifuniko cha sufuria ya harusi. Tukayapiga yale maji, tukayarusha juu, tukayachota na kuyamwaga kutoka juu kama watu wenye wazimu. Majirani wakakusanyika ukingoni. Mmoja akauliza kama tumepoteza mkufu. Mwingine, Mungu ambariki, akakimbia kuleta pampu yake ya dizeli, akaanza kutumwagia maji ya kisima.

Katikati ya vurugu hiyo ndipo akatokea Nitai mvuvi na vijana wake, nyavu mabegani, kama walivyoagizwa. Walitukuta tumeloa, familia yenye heshima, tunalichapa bwawa.

"Mama," Nitai akamwambia Shangazi, amechanganyikiwa, "sisi tumeitwa kuvua."

"Basi vueni mashati muingie!"

Wakavua. Mtu habishani na Shangazi akiwa mkavu, sembuse akiwa amelowa.

Nitai naye ndiye aliyeanza kuwaondoa wale waliokwisha kufa, ili wasizidi kuyachafua maji. Tulikuwa tumeanza kuona rui wengine wakizama kwenda chini, dalili njema, lakini Inspekta bado. Samaki yule ni mzito na Shangazi amekonda. Niliomba nimsaidie kumshika, akanitazama kama niliyeomba meno yake.

Ndipo lango likafunguka. Bulbuli na mumewe.

Hebu mwone Subimal wetu: kanzu ya hariri rangi ya malai, dhoti ya kujifunga kiunoni iliyopigwa pasi mikunjo yote, nywele mafuta, mkono mmoja chungu cha maandazi ya maziwa, mkono wa pili boksi la sari kwa ajili yangu mimi mama mkwe. Kijana wa benki. Kijana mpole ambaye kwenye harusi hakusema zaidi ya "ndiyo" na "asante". Amesimama ukingoni anamtazama baba mkwe wake, mkuu wa stesheni mstaafu, ametapakaa tope mpaka masikioni, anapiga maji kwa ungo.

"Baba," akauliza kwa adabu, "mnatafuta nini?"

"Hewa!" kaka yako akapiga kelele.

Subimal akafikiri kidogo. Akaweka maandazi chini. Akaweka boksi juu ya maandazi. Akavua viatu, akavua saa akampa mkewe, kisha akaingia bwawani na hariri yake yote. Bulbuli akapiga ukunga: "Wewe! Hujui kuogelea!" Yeye akaendelea kuja huku anapapasa kwa miguu, maji yakimpanda kifuani, mpaka akamfikia Shangazi.

"Bibi, nisaidie nini?"

Shangazi akamtazama kuanzia nywele. "Shika huyu. Hapa chini ya tumbo, na hapa. Mwelekeze mbele, mtembeze, maji yapite kwenye matamvua yake. Ukimwangusha nakuzamisha."

Basi mkwe wetu akaanza kumtembeza Inspekta. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mbele ya zile ngazi, taratibu, kama nesi na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Sisi tunapiga maji, pampu inanguruma, naye anatembea. Baada ya muda nikamsikia anaongea. Anambembeleza samaki kwa sauti ya chini: "Vuta pumzi, mzee. Polepole. Uko salama."

Kisha akageuka kwa Shangazi. "Bibi, huyu ni nani?"

"Huyo," Shangazi akasema, "ndiye chakula chako cha mchana."

Kijana wa watu! Nilidhani atamwachia. Macho yalimtoka, akamtazama Inspekta, akatutazama sisi, akamkumbatia yule samaki karibu zaidi na kanzu yake. Akaendelea kutembea. Nakwambia, Ketaki, mimi ndipo nilipomkubali yule kijana kuwa mwanangu. Harusini nilikuwa nimemkubali kwa mdomo tu.

Kuelekea adhuhuri upepo ukaanza kutoka upande wa reli. Maji yakapata mawimbi. Inspekta akatikisa pezi moja, kisha mwili mzima, akamchapa Subimal mkia wa uso, kofi safi la kusikika mpaka kwa majirani, akazama. Hakuaga. Shangazi akakaa kwenye ngazi na maji yote yale yakimtiririka akasema, "Ndiyo tabia yake." Halafu akajifunika uso kwa ncha ya sari. Hakuna aliyemsogelea.

Aliyemsogelea hatimaye ni kaka yako. Alipiga magoti kwenye tope akamgusa miguu.

"Shangazi, usiende Kashi."

"Nani anakwenda? Nikiwaacha na wewe, utawaua wote kwa ukarimu."

Sasa vikabaki tumbo na aibu. Rui waliokufa Shangazi aliwapa Nitai na vijana wake, na hakuna aliyethubutu kuuliza swali. Kaka yako akabadili nguo akakimbia sokoni. Lakini nani anapata samaki sokoni mchana wa siku ya wakwe? Kila mama mkwe wa Ranaghat alikuwa ameshapita na kikapu alfajiri. Alirudi na mayai.

Mayai, wifi yangu! Mkwe wa kwanza, ziara ya kwanza, nikamwekea mchuzi wa mayai! Nilimpepea akila, kama desturi inavyotaka, lakini uso nilikuwa nimeugeuzia ukutani. Naye ameketi juu ya mkeka wa heshima amevaa msuli mkuukuu wa baba mkwe wake, unamfika magotini, hariri yake ikining'inia kwenye kamba huko nje, ya kijani. Akala mayai yote. Akaomba mengine. Nikaanza kumwomba radhi, akasema, "Mama, hata mngempika, nisingeweza. Tumeshajuana."

Bulbuli akacheka mpaka akapaliwa. Usimwambie nimekuandikia hivi, lakini tangu siku ile anamtazama mumewe vingine.

Habari zikaenea mtaani, zikiongezewa chumvi kila kona. Mpaka jioni, kwa mujibu wa watu, Shangazi alikuwa amemfufua samaki aliyekufa. Wanawake wakaja na maua. Mtu mmoja wa hekaluni akasema kwamba bibi huyu humwona Mungu ndani ya katla. Kaka yako naye, ambaye jana yake alitaka kumkaanga, akawa anawasimulia wageni kwa machozi jinsi shangazi yake alivyovuka tamaa zote za dunia hii.

Keshokutwa yake nilimfuata ngazini wakati wa kulisha. Sasa anatoa kidogo sana, maji yapone kwanza, ameshatia chokaa. Inspekta akaja, amepungua kiburi kidogo tu. Nikauliza kile ambacho kilikuwa kinanikera.

"Shangazi, hawa wanasema una huruma ya watakatifu. Ni kweli hujawahi hata siku moja kumtamani?"

Akatazama nyuma kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu.

"Kila siku," akasema.

Nikakaa ngazini kando yake.

"Unadhani mimi nakaa hapa namtazama nini? Mkia wake nimeshaupika kwa haradali na pilipili mbichi. Ubavu kwa mtindi. Kichwa nimekipika na dengu zilizokaangwa, na jani la bay, na samli ya kutosha, si kama yako wewe unayeibania. Nimempika kichwani mwangu kila asubuhi tangu afikie ukubwa wa kupikwa. Nilikuwa msichana nilipokatazwa, Malina. Ulimi haukuambiwa kwamba mume amekufa." Akamtupia Inspekta kidonge. "Kisha aje kijana wa Kalkata, hajawahi kumtupia hata punje, eti yeye ndiye amle? Mimi nimengoja miaka yote hii! Kama mimi simli, hakuna wa kumla."

"Na ungemla," nikauliza, "ungeanzia wapi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Jicho."

Niliyatazama maji. Yeye akarudi kwenye tasbihi yake.

Jana, mvua ilipoanza kunyesha, niliingia jikoni nikaosha vyombo vyote upya ili asione shaka. Nikachukua fenesi bichi, nikalikata vipande vikubwa vya umbo la samaki, nikavikaanga, nikavitia kwenye dengu za kukaanga, jani la bay, samli bila kuibania, kila kitu kama alivyosema, na bila vitunguu. Nikamwandalia bila neno. Aliinusa sahani. Akanitazama. Akala polepole, amefumba macho, mpaka chembe ya mwisho, na vidole akavilamba, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya maishani mwangu.

"Vipi, Shangazi?"

"Si kibaya," akasema. "Ila hakinitazami."

Wifi, karatasi inaisha na beseni langu limeshapoa likapata joto tena. Kaka yako anakusalimu, anasema usiamini zaidi ya nusu. Bulbuli na Subimal wamesharudi kwao na wanakusabahi. Hariri imekataa kutakata. Nisalimie sana Anupam na umbusu Rinku mashavu yote mawili. Shangazi anakuombea afya, riziki na watoto wengine, na anauliza kama huko kwenu kuna katla. Usimwambie hakuna.

Mungu awafunike nyote kwa amani, mpaka siku tutakapoketi tena pamoja kwenye zile ngazi.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye nikiwa mkavu na nikiwa nimelowa,

Malina